Mama Mkwe Hakuwa Mchawi, Alikuwa Ananiombea

Unamtumia pesa kila mwezi na unadhani umemaliza? Kisa hiki cha Tabora kinaweza kukufanya uchukue simu yako leo hii na umpigie mtu uliyemsahau.

Nianze kwa kuungama. Kwa miezi minane sikumpigia simu mama mkwe wangu. Si kwamba sikuwa na salio, la hasha. Salio lilikuwepo, na kila mwisho wa mwezi pesa ilikwenda Tabora bila kuchelewa hata siku moja. Ila sauti yangu haikwenda. Mume wangu akianza kuongea na mama yake, mimi nilikuwa nainuka na kwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Tulikuwa kwenye mwaka wa nne wa ndoa na mtoto hakuna. Unajua mjini watu walivyo. Kila harusi unayokwenda unaulizwa, "Vipi, bado tu?" Kila mtu anakutazama tumbo kabla hajakutazama usoni. Basi shoga yangu mmoja wa ofisini akanishika mkono akanipeleka kwenye maombi. Mhubiri akaniwekea mkono kichwani, akafumba macho, halafu akasema anamwona mama mzima, wa upande wa mume wangu, mwenye macho mekundu. Eti huyo ndiye aliyefunga tumbo langu.

Jamani! Mama mkwe wangu ana miaka 71. Ni mjane. Na macho yake ni mekundu kweli. Siku ile ile kila kitu kikajipanga kichwani mwangu: ile siku ya send-off aliponishika tumbo akicheka, ule mfuko wa karanga alionipa wakati tunaondoka, ile khanga aliyonifunga kiunoni. Mambo ya upendo yote yakageuka kuwa ushahidi.

Nilikaa na siri hiyo wiki mbili. Siku nilipomwambia mume wangu, hakugombana. Aliinuka mezani, chakula akakiacha, akaenda kulala kwenye kochi. Asubuhi aliniambia neno moja tu: "Huyo unayemsema ndiye aliyeuza asali barabarani ili mimi nisome." Akaenda kazini.

Baadaye tulikwenda hospitali wote wawili, jambo ambalo tulipaswa kulifanya tangu mwanzo. Daktari alituonyesha majibu. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na mwenzangu naye alikuwa na tatizo lake la kutibiwa. Tatizo letu lilikuwa na jina, na jina hilo halikuwa la mama mkwe. Lakini deni langu lilibaki pale pale. Ilipokaribia Pasaka mume wangu akakata tiketi mbili za treni. "Tunakwenda nyumbani," akasema. Sikubisha.

MJI WA WALIOBEBA MIZIGO

Kama hujawahi kufika Tabora, mji huo una namna yake ya kukupokea. Una miembe ya zamani inayotoa kivuli barabarani, asali, vumbi jekundu, na watu wasio na haraka kama sisi wa Dar es Salaam. Reli ilifika hapo mwaka 1912, lakini mji ulikuwa maarufu siku nyingi kabla ya reli. Hii ndiyo Unyanyembe ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilometa kama 1,200, na Tabora ilikuwa kituo kikuu katikati ya safari. Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari kuliko wote. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Njia hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa, tena wengi, na hilo tusilisahau.

Kila msafara wa Kinyamwezi ulikuwa na kirangozi. Huyu ndiye aliyetangulia mbele ya wote. Hakuchaguliwa kwa sababu ya nguvu za kubeba, maana vijana wenye nguvu walikuwepo tele. Alichaguliwa kwa sababu aliijua njia: visima viko wapi, mtemi gani anataka hongo kiasi gani, na msitu upi haufai kulala. Kijana mwenye nguvu asiyejua kisima kilipo angekufa kwa kiu na mzigo wake kichwani.

Ukristo nao uliingia kwa njia hiyo. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walipita Tabora mwaka 1878 wakiwa na msafara wao kutoka Bagamoyo. Kule Urambo, kwa Mtemi Mirambo, wamisionari wa London walianza kazi mwaka 1879, na mwaka 1898 Wamoraviani wakaipokea. Leo Wakatoliki, Wamoraviani, Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste na wengine wamejaa mkoa mzima, pamoja na Waislamu ambao nao wana historia ndefu hapo.

JIKONI, PENYE MOSHI

Tulifika nyumbani asubuhi. Nikapiga goti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mwangaluka!" Akanikumbatia kama vile nilikuwa nimempigia simu jana yake. Hakuuliza kitu. Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mchana nilimfuata jikoni. Ni kibanda cha tofali za tope, mafiga matatu, kuni mbichi kidogo kwa sababu mvua zilikuwa bado. Nilikaa humo dakika tano tu nikaanza kukohoa, machozi yakinitoka, nikatoka nje kutafuta hewa. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda anasonga ugali, metulia. Nilijitazama kwenye kioo cha simu. Macho yangu yalikuwa mekundu kama yake.

Nikarudi ndani nikasema, "Mama, nina neno."

"Sema mwanangu."

Nikamwambia yote. Maombi, mhubiri, macho mekundu, miezi minane. Sikuficha kitu, na nililia sana, sehemu kwa moshi na sehemu kwa aibu. Yeye aliendelea kusonga mpaka ugali ukaiva. Ndipo akaniuliza, "Huyo mhubiri wako, amewahi kupika kwa kuni?"

Nikasema sijui.

"Mimi nimepika kwa kuni tangu msichana. Haya si macho ya usiku, ni macho ya kuwalisha watu." Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza, "Ila umeniumiza, mwanangu. Nisikudanganye."

Ndugu msomaji, msamaha nilipewa, lakini niliambiwa ukweli kwanza. Nadhani ndiyo maana nikauamini.

RATIBA YA MWANAMKE WA MIAKA 71

Mpango wetu sisi wawili ulikuwa tumhamishie Dar es Salaam. Tulishaongea hata habari ya chumba. Tulijiona watoto wema kweli kweli. Kumbe hatukuwahi kumuuliza siku zake zinakwendaje.

Kaa nami nikuhesabie. Jumatatu anakwenda na akina mama wenzake wa WAWATA kuwaona wagonjwa wa mtaani, kila mmoja na kitu kidogo mkononi, sabuni au unga. Jumanne na Alhamisi anawafundisha watoto sala, wale wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Jumatano jioni ana rozari na wajane wenzake. Jumamosi asubuhi ni jumuiya ndogo ndogo, na hapo yeye si mwenyekiti tena, lakini hakuna jambo linaloamuliwa bila macho kumgeukia. Vijana wanaotaka kufunga ndoa wanaletwa kwake, na huwauliza maswali ambayo sisi tuliofunga ndoa mjini hatukuulizwa na mtu. "Mkikosa pesa mtaongea namna gani?" "Nani kati yenu hukasirika na kununa?" "Mama wa mwenzako akiugua, nani atamwogesha?"

Halafu kuna wajukuu watatu wa marehemu binti yake ambao anawalea. Nchi hii ina maelfu ya bibi wa namna hiyo. Ugonjwa wa UKIMWI ulipofagia kizazi cha katikati, akina bibi ndio waliobeba watoto mgongoni kwa mara ya pili. Makanisa yetu yana waumini wengi leo kwa sababu bibi mmoja aliwaamsha watoto Jumapili na kuwaosha miguu.

Jumatano ile alinichukua kwenye rozari ya wajane. Wamama kama tisa hivi, kwenye mkeka, chini ya mwembe. Alipowatajia jina langu, mmoja wao akapiga makofi. "Kumbe ndiye wewe! Tunakutaja hapa mwaka wa tatu sasa!" Nilitafuta pa kuweka uso. Miezi yote ile niliyokuwa namkwepa, mama huyu alikuwa anataja jina langu mbele za Mungu kila wiki, na wajane wenzake wanaitikia amina.

Sasa niambie, tungemleta Dar es Salaam akafanye nini? Akae kwenye kochi anatazama tamthilia mpaka turudi kutoka kwenye foleni saa mbili usiku?

BIBLIA HAIJUI KUSTAAFU

Sisi wa maofisini tunaufikiria uzee kwa macho ya ajira. Ukifika umri fulani unaagwa kwa keki na saa ya ukutani, unarudi nyumbani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Cha kushangaza, hesabu hiyo ya 60 ipo pia kwenye barua ya kwanza ya Paulo kwa Timotheo, sura ya 5. Pale anaelekeza mjane aandikwe kwenye orodha ya kanisa akiwa ametimiza umri huo. Ukisoma sifa anazozitaka, kama kulea watoto, kukaribisha wageni na kuwasaidia wenye shida, unaona kwamba hii ilikuwa zaidi ya orodha ya kupokea msaada. Ilikuwa ni orodha ya watu wenye kazi. Sura hiyo hiyo inamwambia anayewatelekeza watu wa nyumbani mwake kwamba ameikana imani, na ni mbaya kuliko asiyeamini. Maneno makali hayo.

Mtazame Ana binti Fanueli katika Injili ya Luka. Aliishi na mumewe miaka saba tu, akawa mjane, na tunakutana naye akiwa na miaka 84. Alikuwa hekaluni usiku na mchana. Maria na Yosefu walipomleta mtoto, makuhani wenye vyeo hawakutajwa kuwa wamemtambua. Waliomtambua ni Simeoni, aliyekuwa anasubiri kwa subira kubwa, na bibi huyu mjane. Tena Ana hakukaa kimya, alikwenda kuwaambia watu. Au mtazame Loisi, bibi yake Timotheo. Paulo alimkumbusha kijana yule kwamba imani yake ilianzia kwa bibi, ikapita kwa mama, ndipo ikafika kwake. Na Ruthu, mkwe mwenzangu, ambaye alikuwa na sababu zote za kumwacha Naomi njiani, akakataa.

Halafu kuna ile habari ya Korbani kwenye Marko sura ya 7. Kulikuwa na watu waliotoa sadaka hekaluni mali ambayo ingewatunza wazazi wao, halafu wakajiona wametimiza dini. Yesu aliwakemea waziwazi. Hebu jiulize: mara ngapi tunatoa ahadi kubwa za ujenzi wa kanisa mbele za watu, huku mama kijijini anapimiwa dawa ya presha nusu dozi kwa sababu ya pesa?

Kustaafu madaraka ni jambo jema, na makanisa yana utaratibu wake. Kwa Wakatoliki askofu huandika barua ya kung'atuka akifika miaka 75, na kardinali aliyetimiza 80 hapigi kura ya kumchagua Papa. Lakini kustaafu cheo si kustaafu wito. Mkoa jirani wa Katavi, kule Karema kando ya Ziwa Tanganyika, kuna historia ya Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa kijana, akaoa huko huko, na hakuondoka tena. Alikuwa katekista na tabibu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956 akiwa na umri wa karibu miaka 90. Watu aliowatibu utotoni walimletea wajukuu zao. Mambo kama hayo huwezi kuyapata kwa mkataba wa miaka mitatu.

KIDOLE KINAPONYOOSHWA

Sasa turudi kwenye jambo langu, maana ni zito kuliko nilivyodhani. Mimi nilinyamaza miezi minane. Wengine hawaishii kwenye kunyamaza. Katika mikoa ya kanda ya ziwa na magharibi, Tabora ikiwemo, bibi wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu mtu alisema ni wachawi. Kwa mwaka 2013 peke yake, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilitaja zaidi ya watu 700 waliouawa nchini kwa tuhuma hizo, wengi wao wanawake. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna mtoto aliyekufa kwa malaria, shamba linalogombaniwa, au wivu. Na alama wanayoitumia ni hiyo hiyo: macho mekundu ya moshi wa kuni na mabua.

Kumwita mtu mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, sheria ya tangu mwaka 1928. Lakini nani aliyewahi kumfikisha mhubiri wake polisi? Kidole kinanyooshwa madhabahuni, kwa maikrofoni, halafu kinasafiri kwa basi mpaka kijijini. Msichana anatoka kwenye maombi mjini, anampigia kaka yake, kaka anamwambia binamu, na huko mwisho wa mnyororo kuna mtu mwenye panga. Mimi ningeweza kuwa mwanzo wa mnyororo huo. Nikilifikiria jambo hili usiku, usingizi hauji.

Mama mkwe alinisimulia habari ya mjane mmoja wa jumuiya yao. Miaka kadhaa nyuma mtoto wa jirani alifariki, minong'ono ikaanza, watu wakaacha kununua karanga zake. Akina mama wa jumuiya hawakuita mkutano wala kutoa tamko. Walihamishia sala zao nyumbani kwake, mwezi mzima. Wakaja na watoto wao. Wakala chakula alichopika kwa mkono wake na kunywa maji ya mtungi wake, mlango wazi, mtaa mzima unaona. Kwa Kinyamwezi au Kiswahili, hakuna mahubiri makubwa kuliko kula chakula cha mtu anayeogopwa. Minong'ono ikaisha yenyewe.

"Nani alitoa wazo hilo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kula ugali ni wazo?"

TUNAJUA KUBEBA MAITI

Siku moja kabla ya kurudi tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliona lile tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Aliondoka hapo Agosti mwaka huo, na tarehe 1 Mei 1873 akafariki kwenye kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa na miaka 60. Kwa hesabu ya sera yetu, alikuwa ndiyo kwanza ameingia uzeeni.

Watu wengi wanajua kwamba akina Chuma na Susi waliukausha mwili wake wakaubeba mpaka pwani. Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe wakamkuta Mwingereza Cameron, ambaye aliona afadhali wamzike hapo. Wakakataa, wakaendelea. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Lakini kuna sehemu ya habari hiyo ambayo haisemwi sana. Kabla hajafa, alipokuwa hawezi tena kutembea wala kupanda punda, vijana hao hao walimtengenezea machela wakambeba kwenye matope na mafuriko. Walimbeba akiwa hai kwanza.

Sisi je? Kwenye kubeba maiti Watanzania hatuna mpinzani. Bibi akifariki, ndani ya siku mbili kuna kamati, kuna michango, kuna jeneza la bei mbaya, basi la kukodi, sare, muziki, chakula cha watu mia tatu. Bibi huyo huyo mwaka mzima alikuwa anaomba godoro. Pesa ya basi ingemnunulia godoro, miwani, jiko la gesi na nauli ya kwenda kliniki mwaka mzima, na chenji ingebaki.

Mji huu huu wa Tabora ndipo masista wa Mama Teresa wa Calcutta walipofungua nyumba yao ya kwanza barani Afrika, mwaka 1968. Mama Teresa mwenyewe alikuwa na miaka 58 wakati huo. Aliongoza shirika lake mpaka mwaka 1997, mwaka aliofariki akiwa na miaka 87. Walijulikana duniani kwa kuwaokota wazee na wagonjwa ambao hawakuwa na mtu. Ni jambo la kuwashukuru, lakini pia linatuuliza swali: imekuwaje katika nchi ya shikamoo, mzee awe hana mtu?

WAZEE NAO WASIKIE

Tusiwe wanafiki. Wapo wazee wanaotupa wakati mgumu. Kuna mama mkwe anayetaka kujua mshahara wa mkwe wake mpaka senti. Kuna mzee wa kanisa aliyekalia kiti miaka ishirini, kijana akileta wazo jipya anaambiwa asubiri akue, naye ana miaka 38. Kuna baba aliyeitelekeza familia ujanani, leo amerudi na kikohozi na Biblia anadai matunzo. Majeraha hayo ni ya kweli, na amri ya kuwaheshimu wazazi haisemi ujifanye hukuumia.

Mama mkwe mwenyewe nilimsikia akiwaambia wenzake: "Mkitaka watoto wawasikilize, muwe na kitu cha kusema zaidi ya malalamiko." Aliachia uenyekiti wa jumuiya kwa hiari yake, akamkabidhi mama wa miaka 34, na akawa wa kwanza kumtii. Kirangozi mzuri hufundisha mwingine njia kabla miguu yake haijachoka.

MAMBO SITA KWA WEWE NA MWENZI WAKO

1. Piga simu, si kutuma pesa tu. Panga siku moja ya wiki, kwa mfano Jumapili baada ya ibada. Mpigie mama wa mwenzako wewe mwenyewe, si kupokezwa simu dakika ya mwisho useme "shikamoo, haya, nampa mwenyewe".

2. Kaeni mezani mpange bajeti ya wazazi wa pande zote mbili, kwa uwazi. Ndoa nyingi hazivunjiki kwa sababu ya kusaidia wazazi, zinavunjika kwa sababu ya kusaidia kwa siri.

3. Ondoeni moshi. Jiko la gesi au hata jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi ni zawadi kubwa kuliko khanga. Mpelekeni pia akapimwe macho na presha, na mhakikishe ana kitambulisho cha matibabu ya wazee kama anastahili.

4. Kabla hujamhamisha, muulize anafanya nini. Ukimtoa kwenye jumuiya yake, shamba lake na wenzake, umemwondolea pia sababu ya kuamka asubuhi. Akilazimika kuhama kwa ugonjwa, mtafutie jumuiya mpya wiki ya kwanza kabisa, na umwombe padre au mchungaji amletee ushirika nyumbani.

5. Mpe kazi ya heshima. Aombee ndoa yenu, awafundishe watoto sala na lugha ya nyumbani, awasimulie mlikotoka. Papa Fransisko alianzisha mwaka 2021 siku maalumu ya mababu, mabibi na wazee, Jumapili ya nne ya Julai. Siku hiyo chukua simu yako umrekodi akisimulia.

6. Mtu yeyote, hata awe na jina kubwa na kanisa la watu elfu kumi, akikwambia bibi yako au mama mkwe wako ndiye aliyekufunga, inuka utoke. Nenda hospitali. Halafu nenda ukale ugali kwa huyo bibi.

TULIPOAGANA

Treni yetu ilikuwa usiku. Mama alitusindikiza mpaka stesheni pamoja na wajukuu, na mfuko wa michembe, karanga na chupa ya asali. Safari hii niliupokea kwa mikono miwili, na kabla hatujapita hata Itigi nilikuwa nimeshatafuna nusu ya karanga.

Bado hatuna mtoto. Nimefanyiwa upasuaji, mwenzangu anaendelea na dawa zake, na daktari anasema tusubiri. Nikitaka kusema uongo mtamu ningeandika hapa kwamba tulipata mapacha. La. Tunasubiri tu, ila sasa hatusubiri peke yetu.

Jumapili iliyopita nilimpigia. Jiko la gesi limefika, anasema anapikia chai tu kwa sababu ugali wa gesi haunukii. Nikamwambia tutagombana. Akacheka, kisha akanikumbusha niwahi kula dawa, na kabla ya kukata simu akauliza kama kawaida yake: "Jumatano tukutaje kwa lipi, mwanangu?"

Nikamwambia, "Leo nitajie kwa shukrani, mama."